Mzee Aliyempa Mtamba Wangu Nafasi ya Nyangumi

Jumanne nikiwa nachuna majani ya chai, kikapu bado nusu, jirani alinipigia simu kuniambia yule mzee wetu wa nyangumi ametuacha. Wasomaji wangu, nilikaa chini palepale katikati ya mistari ya chai. Hapa Silibwet bahari tunaiona kwenye kalenda tu. Yeye peke yake aliwahi kuendesha boti ya watalii kule pwani, miaka mingi, mpaka tajiri wake alipomfuta kazi. Siku hiyo mtalii mmoja alimsihi asogee apate picha ya nyangumi na mtoto wake. Sheria ya boti ilisema mita mia, na mwenye mtoto umwache kabisa. Mzee akazima injini. "Yule mama hajatuita," akasema, na boti haikusonga tena.

Alitusimulia hayo kwenye kituo cha kupimia majani tukingoja lori. Tulimhurumia, lakini aliposema nyangumi hunyonyesha, huruma iliisha. "Anatoa lita ngapi?" akauliza mama mmoja mwenye ng'ombe wanne. "Mama, sikuwahi kumkamua." "Miaka yote hiyo? Basi hata mimi ningekufuta." Ndivyo tulivyo. Mnyama akiwa na maziwa, sisi tunatafuta ndoo.

Sikudhani sheria ile ingenifikia. Mwaka jana mtamba wangu, wa kwanza na wa pekee, alishikwa na uchungu wa kuzaa mchana kweupe, na kwa mapenzi kijiji kizima kikaja. Mmoja alishika mkia, wawili waliomba kwa sauti, mwingine aliingia na pikipiki ikinguruma mpaka karibu na zizi. Kila mtamba alipolala alishtuka akasimama. Kwato za ndama zilichungulia, zikarudi ndani. Niliona nitawapoteza wote wawili. Ndipo mzee akaja na kamba, akaifunga kutoka mti hadi mti. "Zima hiyo injini. Wote nyuma, mita mia."

"Lakini mzee, mita mia ni shamba la jirani."

"Basi mkamsalimie."

"Hata mimi?" nikauliza.

"Wewe ndiye injini kubwa. Unalia."

Tukasimama ndani ya chai ya watu, vichwa tu vikionekana. Yeye alibaki kwenye kamba, namba ya daktari wa mifugo tayari kwenye simu. Mtamba akalala, safari hii akatulia, na ndama akatoka. Jike.

Huku kwetu upendo ni kufika. Jirani akiwa na shida nawe usipoonekana, utasemwa mpaka bonasi ya chai ya mwaka itoke. Hilo tusiliache. Ila mzee alinifundisha kwamba ukishafika kuna kazi ngumu zaidi, ya kurudi nyuma. Nadhani ndiyo sababu watu wa boti waliandikiwa sheria. Si kwamba ni wabaya, ni kwamba kitu kizuri huvuta miguu. Naota siku moja nimwone nyangumi. Mgongo tu, kwa mbali. Yeye aangalie mtoto wake. Mimi nina macho.