Ufunguo wa Jiko la Kanisa

Renae Thorsgard alikuwa na miaka hamsini na minne daktari alipomwomba akae sakafuni, kisha ainuke bila kushika kitu. Hakuweza. Daktari akamweleza kwamba mifupa yake imeanza kudhoofu na misuli ya mapaja imelala. Mama yake mzazi naye alishindwa kuinuka akiwa na umri huohuo. Alianguka bafuni, akavunjika nyonga, na miaka kumi na mmoja iliyobaki akaimaliza kwenye kiti cha magurudumu katika nyumba ya wazee, akitazama magari yaliyoegeshwa nje. Renae ndiye aliyekuwa akienda kumlisha. Alijua vizuri anachokiogopa.

Dawa haikuwa mbali. Kila Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi, Dawn Brekke, muuguzi mstaafu, aliwafundisha wanawake wa rika lao mazoezi katika ukumbi ulio chini ya kanisa: kunyanyua vyuma vidogo, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa na kuinuka. Tangu Septemba hadi Januari, Renae alihudhuria mara moja tu.

Kilichomfunga ni ufunguo wa jiko. Zamani wanawake wa kanisa lile walikuwa na vikundi vinne, kila kimoja na zamu yake ya kuandaa chakula cha mazishi. Vitatu vilikwisha kimoja baada ya kingine, kwa kuwa wanakikundi wenyewe walizikwa, na cha nne, kikundi cha Ruthu alimokuwa Renae, kikawapikia waombolezaji wao. Hakuna aliyeitisha kikao kutangaza kwamba sasa zamu zote ni za Ruthu. Mambo ya namna hii hayaamuliwi na mtu. Humwangukia asiyejua kukataa. Ardis, mama mkwe wa Renae aliyekiongoza, alipochoka alimkabidhi Renae ufunguo na kumwambia kwamba hajapata kutokea Thorsgard aliyewaacha watu watoke mazikoni na njaa. Mji ule ulikuwa umezeeka, ukizika karibu kila Jumanne na Alhamisi. Dawn alipotandika mikeka, Renae alikuwa amefunga aproni jikoni; somo lilipokwisha mikeka ilikunjwa, meza zikapangwa.

"Shoga, utawahudumia wafu mpaka uwe mmoja wao," Dawn alimwambia siku moja. Renae akacheka, akaenda kupaka mikate siagi.

Jumanne moja walimzika mzee Orville Stadum. Wasaidizi wawili wa Renae jikoni, wote wamepita miaka themanini, walikuwa wametoka kupeleka keki mezani. Renae akapiga magoti kutoa sinia kubwa kwenye kabati la chini. Goti likakataa. Akaanguka kitako kati ya kabati na oveni iliyokuwa ikiwaka, miguu imekunjana chini yake, hana pa kushika pasipounguza.

Angeita, wangekuja mbio. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa wafiwa, na kwa watu wale kuwashughulisha wafiwa na shida zako ni aibu kuliko kuvunjika mguu. Juu ya kichwa chake palikuwa na dirisha la kupitishia vyakula, naye akamsikia Ardis akimsifia kwa binti wa marehemu.

"Huyu mkwe wangu ni nguzo. Hachoki."

Kikombe kikagonga ukingo wa dirisha. Mwanamume fulani akauliza kama kahawa imekwisha.

"Inakuja," Renae alijibu kutoka sakafuni, kwa sauti ya mtu aliyesimama.

Alijaribu kuinuka, akarudi chini. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Nguzo, aliwaza, ikilala haiinuki yenyewe. Akilini akamwona mama yake kwenye dirisha la nyumba ya wazee, anahesabu magari. Ndipo akakumbuka somo lile moja la Dawn: lala ubavu, geuka, magoti na mikono chini, mguu mmoja mbele, sukuma. Akalifuata hatua kwa hatua kama mtoto anayejifunza kusoma. Safari hii akasimama, mapaja yakitetemeka. Akapeleka kahawa. Hakuna aliyegundua kitu.

Wema unaomfanya mtu ashindwe kuinuka si wema tena. Ni wenzake wamemkalia mgongoni, naye amewainamia.

Walipomaliza kuosha vyombo, Ardis akamkumbusha kwamba Alhamisi ni mazishi ya Gladys Holm, kwa hiyo viazi vimenywe Jumatano. Renae akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani.

"Mama, Alhamisi saa nne nitakuwa sakafuni, kwa hiari yangu."

"Na watu watakula nini?"

"Sijui, mama."

Ardis akautazama ufunguo, asiuguse. Renae akavaa koti na buti zake za theluji, akaanza kupanda ngazi za kutokea nje. Alikuwa kwenye ngazi ya saba aliposikia Ardis akimwita jina kutoka jikoni, mara moja tu, kwa upole uleule uliomshinda miaka yote. Mguu wake ukasita hewani. Akashika reli, akapanda ya nane.