Jibu la Shamila

Kama umeoa au kuolewa Mtendeni miaka hii ya karibuni, Advera ameshakuona ukilia, ukila na ukicheza vibaya. Yeye ndiye mhariri wetu wa video. Hupokea video ya harusi yenye urefu wa saa sita, akakata watu waliopita mbele ya kamera, akasawazisha sauti, kisha akaipandisha mtandaoni ndugu wa mbali waitazame. Ni Mkatoliki wa Isikizya, lakini kwa harusi za Kiislamu alizohariri tunamtania kwamba amebakiza kusilimu tu. Naye hucheka kutushinda.

Juzi alikuwa na harusi ya Shamila, binti wa Majidi fundi cherehani. Mtazamaji mkuu alikuwa Bibi Tatu, aliyemlea Shamila kule Ujiji na ambaye miguu ilimkatalia safari. Bibi huyo aliozwa akiwa na miaka kumi na minne, wala hakuulizwa kama ameridhia. Alimpigia Advera simu yeye mwenyewe.

"Mwanangu, mapilau na magari sivitaki. Nionyeshe mjukuu wangu akiulizwa."

Advera alikuwa amepata programu mpya inayotafuta ukimya kwenye video ndefu na kuukata yenyewe. Ilimwokolea nusu siku, akaisifu kama mkwe. Ijumaa akamwita Swaumu, mama yake Shamila, aje kukagua.

Kwenye kioo cha kompyuta, Majidi alisimama mlangoni mwa chumba cha wanawake. "Shamila, nimeombwa nikuoze kwa Mfaume. Umeridhia?"

Papo hapo, vigelegele!

Swaumu akashika kichwa. "Advera! Umemwoza mwanangu kwa nguvu!"

"Jamani, mama, si alikubali?"

"Alikubali kwa kunyamaza! Kwetu mwari akinyamaza, hilo ndilo jibu lake. Na wewe jibu umelikata!"

Advera aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Kisha akaangua kicheko, na Swaumu akashindwa kununa.

Akairudia video ya awali. Zilikuwa sekunde ishirini na mbili: feni inazunguka, mbuzi analia uani, bangili za Shamila zinagongana, na Majidi ameinamisha kichwa. Advera akazirudisha zote, hata mbuzi hakumgusa. Umeme ukakatika mara mbili video ikiwa inapanda, akaanza upya, akilaani na kuimba kwa zamu. Jumamosi baada ya alasiri ikawa hewani.

Haikupita saa, simu ikalia kutoka Ujiji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu! Nimemwona!" Nyuma yake watu walikuwa wakishangilia, naye Bibi Tatu alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Nimerudisha pale mara tatu. Baba yake alingoja! Mwanaume mzima, kasimama mlangoni, anangoja jibu la mtoto wa kike!"