Wakaguzi wa Nyuklia na Begi la Chapati

Jumanne tulikuwa kwenye foleni ya kuingia jengo letu la ofisi, huku ughaibuni Marshalltown. Mbele yangu Mkenya mwenye tai alimwambia mwenzake, "Iran iwafukuze tu hao wakaguzi wa nyuklia. Mtu hakaguliwi kwake!"

Mlangoni mlinzi wetu, Mkongo wa Likasi, akaligonga begi la yule Mkenya kwa kidole. "Fungua, papa."

"Ni chakula tu."

"Ba Iran nao banasema ni umeme tu. Fungua."

Zikatoka chapati mbili. Foleni nzima ikacheka, hata mwenye tai.

Mlinzi hakucheka. "Urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwetu Katanga. Bale baliibeba, hakuna mtu alibafungulisha begi."

Nikafungua langu bila kuambiwa. Hadi leo najiuliza: wenye mabomu tayari hukaguliwa mlango gani?