Nilimwandika Mama Mahali pa Mke

Msinicheke mpaka nimalize, maana hata leo nikipita mbele ya duka la Mzee Bakari pale Kinondo huwa naharakisha hatua na macho nayatupa upande wa pili. Mimi Rashidi, mtu mzima mwenye ndevu, karani wa stoo katika hoteli moja ya Diani, nilimwandika mama yangu mzazi kuwa ni mke wangu. Hakuna aliyenishika mkono, niliandika mwenyewe.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, hoteli ndiyo kwanza zinaanza kujengwa ufukweni, na tajiri wetu akatuingiza katika bima ya matibabu. Aliyekuwa na maradhi ya kudumu alijaziwa fomu na daktari, fomu ikaenda Nairobi, na kila mwezi dawa zikamjia kwa posta. Mama alikuwa na presha, tena ile ya kumwangusha mtu jikoni, na daktari alishaniambia kinagaubaga kwamba vidonge vile si vya kumeza leo na kuacha kesho. Tabu ni kuwa bima ilimtambua mke na watoto, basi, mama hayumo. Nikaitazama ile nafasi ya mke, nikajiambia Mwanasiti wangu ni mzima, hata mafua hayamjui, nikaandika pale Mwanakombo, ndilo jina la mama (umri nao nikaupunguza, nikamrudisha bibi wa watu usichanani). Mwanasiti sikumwambia, ningeanzia wapi kumwambia nimemtoa?

Kisha ikabaki anwani. Vifurushi vya hotelini vilipitia ofisini, na ofisini alikuwako shemeji yangu Omari, kaka yake Mwanasiti, kwa hiyo nikaandika sanduku la posta la Mzee Bakari, ambalo kijiji kizima tulilitumia. Nikasahau jambo ambalo kila mtu wa Kinondo analijua, kwamba Mzee Bakari hampi mtu barua kimyakimya. Huzichukua posta ya Ukunda, na Ijumaa watu wakitoka msikitini huyasoma majina kwa sauti pale barazani kwake, mwenyewe akaitika.

Basi Ijumaa hiyo nimekaa na kikombe changu cha kahawa, Omari yuko ubavuni, Mzee Bakari akainua kifurushi akasoma, "Misisi Mwanakombo Rashidi." Akasoma tena. Na kwetu mama wa watu haitwi kwa jina lake. Mama aliolewa akitokea Vanga, akaitwa bi harusi, nilipozaliwa mimi akawa Mama Rashidi, na aliyemwita Mwanakombo alikuwa marehemu baba peke yake, tena chumbani. Kwa hiyo pale barazani hakuna aliyelijua jina lile ila mimi, na wote wakageuka kunitazama.

Omari akaweka kikombe chini taratibu. "Hongera, shemeji. Mbona hatukualikwa?"

Ningesema kweli hapo hapo yangeisha. Lakini Omari ni mtu wa ofisini, nikaiona kazi inaniponyoka, nikacheka kicheko cha kijinga nikasema, "Hata mimi huyo simjui."

"Haya, kitamngoja mwenyewe," akasema Mzee Bakari, akakirudisha rafuni.

Alasiri Mwanasiti alikuwa ameshafunga nguo zake. "Nakuuliza Mwanakombo ni nani, nawe waniambia nitulie," akasema, akaenda zake kwao Msambweni. Mama aliponiuliza nimemfanya nini mke wangu, nikamjibu ni maneno ya watu tu. Jumapili vidonge vyake vya hospitali vikamalizika. Nikamwambia vipya vinakuja kwa posta, ila vimechelewa. Nilikwenda dukani mara mbili kujipendekeza, Mzee Bakari akanijibu nimlete mwenye jina, nami nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikamkuta mama anatembea kwa kushika ukuta, anasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia apumzike. (Naona haya hata kuisema hii.)

Ijumaa ya pili nimekaa barazani pale pale, nikamwona mama anakuja polepole. Kisimani wanawake walikuwa wamemtajia jina la huyo mkwe wake mpya. Akaketi kwenye kidato cha baraza, akavuta pumzi kwanza, akatoa salamu.

"Mwanakombo ni mimi," akamwambia Mzee Bakari. "Nipe dawa zangu, baba."

Walicheka, msiulize. Mwalimu wa chuo cha Kurani akakuna kidevu akasema anayemfananisha mkewe na mgongo wa mamake, akajiharamishia mke kwa neno hilo, kafara yake anaijua, ila huyu aliyemwandika mamake kuwa mke, itabidi akatafute kitabu kingine. Omari alicheka mpaka akafuta machozi.

Mama hakucheka. Akamwambia Mzee Bakari, "Hebu lisome tena." Akasoma. "Tangu afe baba yao sijalisikia," akasema mama, akakiweka kifurushi mapajani. Kisha akanigeukia.

"Rashidi, ulijua dawa zangu ziko hapa?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa iliyopita."

Akaitikia kwa kichwa, akaomba maji, akameza kidonge mbele ya watu wote, na hakuna aliyekuwa akicheka tena.

Jumatatu nilijipeleka mwenyewe ofisini. Jina likafutwa, nikapewa onyo, kazi yangu nikaachiwa, na Mwanasiti nikamfuata Msambweni nikamwomba radhi mbele ya wazazi wake. Tangu hapo dawa za mama nazifuata hospitali kwa miguu yangu, na nimeapa sitaficha tena jambo linalohusu uzima wa mtu ili kulinda uso wangu. Ule uongo wa fomu watu wameshanisamehe, hata Omari hunitania nao. Zile siku alizokaa bila dawa, mama hajazitaja hata mara moja, na mimi sijathubutu kumuuliza.