Faranga Zilipoanguka

Mume wangu alikwenda Kongo nikiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Alikwenda kutafuta ng'ombe, yaani fedha ya kununulia ng'ombe, kwa sababu baba yangu alikuwa amepokea wawili tu kati ya wale saba waliokubaliwa. Baba alisema wazi mbele ya wazee wa kijiji chetu, Mgori, kwamba mahari isipotimia, mtoto atakayezaliwa ni wa nyumba yake, na mimi nitakaa naye hapo hapo. Sikumchukia. Kaka zangu nao walikuwa wakisubiri ng'ombe hao hao ili waoe.

Vijana wengi wa kwetu walikuwa wakienda kukata mkonge. Mume wangu yeye alisikia kwamba ng'ambo ya ziwa, bandarini kwa Wabelgiji, malipo ni mazuri zaidi, na kwamba kwa faranga saba unapata shilingi moja. Hesabu hiyo aliipenda sana.

"Sitatuma kitu kwa mikono ya watu," aliniambia. "Naweka mwenyewe. Nikirudi nabadilisha mjini Singida, kisha moja kwa moja mnadani."

Mtoto akazaliwa, wa kike. Alipoanza kusema, kila mwanamume aliyepita njiani alimwita baba. Watu walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Halafu ikaja surua. Mama alimkanda kwa majani aliyoyajua, mimi nikambeba mgongoni siku nzima maana hakutaka kulazwa chini. Alikufa asubuhi, wenzangu wakitwanga uwele uani. Tulimzika pale pale kwa baba, nyuma ya zizi. Nilimwomba jirani aliyekuwa anasafiri kwenda Kigoma ampelekee mume wangu habari. Jirani yule hakurudi kutuambia kama aliweza.

Baadaye tukasikia Wabelgiji wameondoka Kongo na kwamba kuna mapigano. Nilikuwa shambani napalilia mtama nilipomwona anakuja kwa miguu, amekonda, begi begani. Nikaangusha jembe. Sikujua nianzie wapi, na yeye hakunipa nafasi.

"Nimeshuka treni Itigi, nikapata lori mpaka mjini," alisema, hata salamu haijaisha. "Nimepita maduka yote. Faranga hawazitaki. Mmoja tu ndiye aliyekubali kuzitazama, na bei aliyonitajia siwezi kukuambia. Miaka yote ile nimebeba magunia, leo wananirudishia noti zangu kama karatasi ya kufungia sukari."

Akaendelea kusema hivyo, na mimi nikawa namtazama mdomo. Mwishowe akaniangalia.

"Mbona husemi neno? Mwanangu yuko wapi?"

Nikamshika mkono. Tulipofika nyuma ya zizi sikuhitaji kusema. Alichuchumaa, akaondoa majani makavu juu ya mawe, moja moja.

"Alikuwa wa kiume?"

"Wa kike."

"Na hapa ni kwa baba yako."

"Ndiyo."

"Basi amelala ugenini," alisema. Hapo ndipo alipolia.

Kesho yake alimwambia baba, "Shikamoo, baba. Nipe siku chache, nitaleta nilichonacho." Baba aliitika. Tukaenda mjini wawili, maana niliogopa kumwacha peke yake. Yule mwenye duka aliyekubali kuzitazama, Mhindi mzee mwenye miwani, aliweka noti mezani, akazigeuza upande huu na upande ule.

"Shilingi moja kwa faranga thelathini," alisema.

"Bwana, si juzi tu ilikuwa saba?"

"Juzi Mbelgiji alikuwapo. Leo benki hawapokei. Mimi nikinunua, nampelekea nani? Nanunua kwa kubahatisha tu, rafiki. Ukitaka zirudishe Kongo."

Mume wangu alinitazama, kana kwamba mimi ndiye nitakayejua. Nilimwambia, "Chukua, twende." Sikuona njia nyingine, na bado sioni.

Mnadani tulizunguka mpaka jua likageuka. Ng'ombe wazuri tuliwapita tu. Tuliishia kwa mtamba mmoja mwekundu, mbavu nje, mwenye jicho linalotoa machozi. Mume wangu aliyesafiri kutafuta ng'ombe watano alimswaga huyo mmoja mpaka Mgori, mimi nyuma na fimbo.

Baba alitoka nje ya tembe akamtazama yule mtamba. Kaka yangu mkubwa alitaka kusema jambo, baba akamzuia kwa mkono.

"Mfungulieni zizi aingie," alisema. Kisha akamgeukia mume wangu. "Mtoto ni wako. Mwite jina la ukoo wenu. Na binti huyu mchukue, nenda naye kwako."

"Asante, baba."

Alishukuru kwa sauti ndogo, ya mtu aliyechoka. Jina alilompa mtoto alilitamka mara moja, nyuma ya zizi, mbele ya baba yangu na mimi. Tukafunga mizigo yangu, tukaondoka. Kaburi lilibaki pale pale, lingebebwa na nani?

Tulizaa watoto wengine. Aliwalisha, aliwavisha, alilima bila kupumzika, lakini sikumwona hata mara moja akimchukua mtoto mapajani kabla hajapita ule umri aliofia dada yao. Kila alipokutana na mtu wa Kigoma alimwuliza faranga sasa zinakwendaje. Hakuwa na hata moja. Watu walidhani anafanya biashara, nami sikuwasahihisha.

Baba hakuidai mahari iliyobaki, na alipokufa kaka zangu nao hawakuidai. Yule mtamba alinenepa, akazaa. Maziwa yake walikunywa watoto wa kaka zangu.