Ua Ambalo Abílio Hakulipokea

Saa nane mchana, Aprili 25, Abílio Ventura anafuta lenzi ya mashine ya filamu kwa pindo la shati. Chini ya chumba chake cha mashine, viti vya klabu ya wafanyakazi hapa Barreiro, mji ulio ng'ambo ya mto kutoka Lisbon, vinaanza kujaa. Kila mwaka siku hii klabu huonyesha filamu ileile, na watu hupiga makofi palepale: askari kijana juu ya gari la deraya anapokea ua jekundu kwa mwosha vyombo wa hoteli, analichomeka kwenye mtutu wa bunduki.

Askari anayeigizwa ni yeye. "Ila kijana wa watu ana nywele nzuri kuliko zangu," anasema. "Na ua lenyewe ni uongo."

Abílio ana miaka 73, na mashine hii ameiendesha kwa miaka thelathini na minane. Mshahara hana. Klabu humpa bakuli la supu ya kabichi na glasi ya divai, basi.

Aprili 25 ya mwaka 1974 alikuwa miongoni mwa askari walioingia Lisbon kuung'oa udikteta wa Ureno. Idalina Falcato, mwosha vyombo, akamnyooshea ua. "Niliogopa, bwana. Tuliamriwa tusipokee kitu. Nikamwambia, 'Mama, ondoa takataka zako.' Likaanguka, gari letu likalikanyaga."

Miaka ilipita, watengenezaji wa filamu wakaja kumhoji. Kila askari mwenzake alikuwa na ua la kusimulia, maana siku ile watu wengi waliwagawia askari maua. "Niwe mimi tu sina? Niliona aibu, nikasema nililipokea. Ulimi hauna mfupa."

Uongo huo ungebaki mzigo wake peke yake, lakini Idalina naye anaishi Barreiro, mtaa wa pili. Alizoea kusimulia kwenye duka la mikate jinsi ua lake lilivyokataliwa, na hapo ndipo Abílio alipomtambua. Filamu ilipotoka, nyumbani kwake wakaanza kumcheka. "Bibi, alilipokea, sote tumeona," wajukuu humwambia. "Kichwa kimechoka hicho." Sasa ana miaka themanini. Akisahau hata chumvi, wanamtajia lile ua. Ameacha kulisimulia.

"Nimemwibia kumbukumbu yake," Abílio anasema. "Najuta, najuta kweli. Kila Aprili najiambia leo nasema, kisha taa zikizimwa nashukuru giza."

Mlango unafunguliwa. Ni Idalina, anahema kwa ngazi, ua mkononi kama wote waliokuja leo.

"We Abílio, usitukatie tena filamu katikati kama mwaka jana."

"Leo naikata kwa makusudi, dada Idalina."

"Wapi?"

"Pale kwenye ua. Nataka nishuke niwaambie watu kwamba sikulipokea."

Idalina anamkazia macho. Hatabasamu.

"Uliniambia takataka. Hilo neno usiliruke."

"Siliruki."

"Basi uwashe taa zote," anasema, akigeukia ngazi. "Wajukuu zangu wako mstari wa tatu."