Waliogopa kikombe cha Klementina

Saa kumi na mbili asubuhi baridi ya Sumbawanga inauma, na Klementina anakoroga uji wa ulezi kibandani kwake mtaa wa Malangali. Zamani saa hizi mafundi wangekuwa wamebanana kwenye benchi. Leo mteja ni mmoja, na amekuja na kikombe chake kutoka nyumbani.

"Huyu afadhali, anakuja," anasema Klementina bila kumtazama. "Wengine wakiniona wanavuka barabara."

Mama huyu wa miaka arobaini na miwili alikuwa akimaliza ndoo mbili kila asubuhi. Sasa hata nusu ndoo inalala. Kosa lake? Mumewe Evaristi, fundi uashi, anaugua saratani ya koo.

Ilianza kwa uvimbe shingoni. Evaristi alitibiwa mafindofindo karibu mwaka mzima, hadi ugali ukagoma kupita. Hospitali ya rufaa ndiko walikoambiwa chanzo ni virusi vya HPV, hivyohivyo vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Daktari akauliza kama mke amewahi kupimwa. Klementina akasema ukweli: miaka mitatu nyuma alikutwa na dalili za awali za saratani hiyo ya mlango wa kizazi, akatibiwa, zikaisha.

Wifi yake Coleta, aliyewasindikiza, alisikia hapo tu. Wiki haikuisha mtaa ukajaa habari kwamba Klementina amemmaliza mumewe, na uji wake una ugonjwa.

Ni upuuzi, tena upuuzi wa kuumiza watu. Daktari alieleza, Coleta akiwa palepale, kwamba virusi hivyo huenezwa kwa kujamiiana, ikiwemo kwa mdomo, wala si kwa kikombe cha uji. Wengi huvipata bila kujua na mwili ukaviondoa wenyewe. Kwa wengine hujificha miaka mingi, na hakuna kipimo cha kuonyesha nani alimpa nani.

"Mbona Coleta hajamuuliza kaka yake alikuwa wapi kabla ya kunioa?" anasema Klementina, mwiko ukigonga sufuria. "Mimi ndiye niliyekwenda kupima, basi mimi ndiye mwenye hatia."

Evaristi, ambaye sauti yake imebaki mkwaruzo, hakatai. "Huenda ni mimi. Nimemwambia dada, hataki kusikia."

Uji ungekuwa ndiyo hasara pekee, Klementina angenyamaza. Lakini wiki ijayo wauguzi wanakwenda shuleni kuwachanja mabinti dhidi ya virusi hivyo, na Coleta anapita akisema sindano hiyo ni ya watoto wa malaya. Herieth, binti wa Klementina, atachanjwa. Baba yake ameshasema. Binti wa Coleta, anayekaa naye dawati moja, amekatazwa.

Ndiyo maana Jumapili, baada ya misa, Klementina atakwenda kwa wifi yake.

"Siendi kupatana naye," anasema huku akiepua sufuria. "Aniseme mpaka achoke. Lakini yule mtoto nimembeba mgongoni. Nitakaa mlangoni kwao mpaka mama yake akubali achanjwe."